Sifa za LUKU ya Pamoja

Mpangaji mwenye mita yake peke yake ni wa kuhurumiwa. Ananunua umeme, anautumia, unakwisha, ananunua mwingine. Hana wa kumuuliza, hana wa kumsengenya, na akizimika naye hakuna atakayejua. Sisi wa Mbagala tunaokaa vyumba sita kwa mita moja tumebarikiwa, na anayebisha aje aone mita yetu ilivyowatendea maharusi wa chumba cha pili.

Waliingia wakitokea Njombe. Walishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, na godoro, mtungi mdogo wa gesi na mablanketi manne ya zawadi za harusi. Mablanketi, Dar es Salaam, mwezi wa Januari! Kijana alikuwa amepata kazi ya kufundisha fizikia shule binafsi. Mkewe alikuwa bado anatafuta. Sensa ya mwaka 2022 ililipa jiji hili watu zaidi ya milioni 5.3, na katika hao wote wawili hawa hawakumjua hata mmoja, ukimtoa dalali, ambaye alishapokea chake cha mwezi mzima na simu yake haipatikani tena. Wiki ya kwanza walipita koridoni wakimwamkia kila mtu shikamoo, hata vijana wa chumba cha sita waliozoea "mambo vipi", kisha wakaingia ndani na kufunga komeo.

Nani angewatoa mle? Mjumbe wa mtaa hana muda. Majirani tuna haya zetu. Mita ndiyo iliyowatoa.

Imetundikwa koridoni, juu ya mlango wa chumba cha tatu, na ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Umeme ukitumika kidogo inapepesa kwa kujivuta. Ukitumika mwingi inapepesa mbiombio. Mama wa chumba cha tatu anaisoma taa hiyo kama muuguzi asomavyo mapigo ya moyo. Akipita na ndoo ya maji atasimama, ataikodolea macho, halafu atatangaza kwa sauti inayofika mpaka uani: "Kuna mtu kachomeka pasi humu!" Na kweli, mtu kachomeka pasi.

Basi usiku mmoja, saa tano, joto limetanda, feni ya maharusi ikasimama. Giza nyumba nzima. Mlango wao ukagongwa: "Shemeji, umeme umekwisha. Zamu ni ya chumba cha pili." Kijana akatoka na taulo kiunoni. Kununua kwa simu ni kazi ya dakika moja. Shughuli ni kuingiza tarakimu 20. Mwalimu akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkewe akawa anamsomea namba kutoka kwenye meseji, vijana wa chumba cha sita wanamulika, watoto wanarudia kila namba kwa sauti kama wako darasani. Alipofika karibu na mwisho akabonyeza siyo. Tokeni ikakataliwa. Wakaanza upya, safari hii nyumba nzima ikisoma kwa pamoja, na umeme ulipowaka ikapigwa kelele ya bao la dakika za mwisho. Asubuhi yake bibi harusi alikuwa ameshaonyeshwa duka linalokopesha sukari, na mumewe alikuwa anaitwa "Mwalimu" mpaka kwa muuza chapati. Sherehe gani ya kukaribisha wageni ingewapa yote hayo kwa shilingi elfu tano?

Halafu kikaja kikao cha feni. Shitaka lilikuwa kwamba chumba cha pili hawaizimi usiku kucha. Mwalimu akajitetea kwa fizikia: taa ya wati 9 humaliza uniti moja kwa zaidi ya saa 100, hita ya wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa, na feni yake ya wati 50 kwa saa 10 hula nusu uniti tu. Kimya kikapita. Mama wa chumba cha tatu akajibu, "Hesabu yako nzuri sana, Mwalimu. Ila sisi wengine hatuna feni." Akaongezewa elfu mbili. Ninachotaka kusema ni hiki: maharusi hao walikuwa wamenuniana toka Ijumaa, sijui kwa jambo gani, na siku ile mke alisimama koridoni akamtetea mumewe mpaka jasho likamtoka. Ndoa changa inahitaji adui wa pamoja. Mita inawapa watano, wote wa jirani.

Taifa nalo linafaidi. Mteja mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ana bei yake nafuu. Nyumba ya vyumba sita haiwezi kukaa kundi hilo hata ikila kiapo, kwa hiyo tunachangia kwa bei ya wakubwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU, na sisi tusiomiliki hata tofali moja tumepata heshima ya kulilipia jengo. Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme. Tulifurahi, tena gizani, kwa kuwa chumba cha nne walikuwa hawajatoa mchango.

Bibi harusi, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, alikabidhiwa daftari la michango. Kutoka daftari la umeme akapewa na la mchezo wa kina mama, na alipopokea zamu yake akanunua friji la mtumba. Sasa anauza barafu za ubuyu na ukwaju, watoto wa mtaa mzima wanamjua. Friji linanguruma mchana na usiku, taa nyekundu inapepesa, na mweka hazina anayepaswa kulalamika ndiye mwenye friji. Mimi hupata mbili za bure kila Jumamosi, kwa hiyo ushahidi wangu msiutegemee sana.

Baya ni kwamba mama mwenye nyumba anataka kumfungia kila mpangaji mita ndogo yake. Fundi ameshakuja kupima waya. Wapangaji wenzangu, tukutane koridoni Jumapili saa kumi tumkatalie kwa adabu, na kila chumba kije na elfu tano, maana nimetoka kuangalia sasa hivi: zimebaki uniti mbili.