Sifa za Doa la Ndizi

Wengine wasifu sangara na Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza. Mimi nalisifu doa la utomvu wa ndizi, abiria asiyekata tiketi, ambaye meli ya New MV Victoria ikitoka Bukoba na Kemondo hushuka Mwanza akiwa amekaa begani mwa kuli, chini ya mkungu.

Nianze na adabu yake. Mawese hujitangaza papo hapo. Doa hili halina papara. Unamenya ndizi, utomvu unakudondokea ukiwa kama maji matupu, unaupangusa kwa kiganja na kuendelea na umbea. Ukishapigwa na hewa ndipo unakomaa: kahawia, halafu mweusi tititi. Utalikuta Jumapili, umeshafunga vifungo vyote.

Na msimamo je? Wapo wanaolibembeleza kwa limao na chumvi juani, wapo wanaolitisha kwa mafuta ya taa, na wenye hasira huleta jiki. Jiki inakula rangi ya shati zima, doa linabaki katikati peke yake, limependeza kuliko jana. Nitajieni mheshimiwa mwenye msimamo kama huo.

Lakini cheo chake kikubwa ni uhifadhi wa mazingira. Ziwa letu la Victoria lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, kule Jinja, Uganda; povu unalomwaga hapa Mwanza halina haraka ya kuondoka. Fosforasi iliyomo kwenye baadhi ya sabuni za unga, ikichanganyika na mbolea na majitaka, hulisha mwani na yale magugu maji yanayonasa mitumbwi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulinda ufukwe, na bado watu wanashuka na mabeseni yao mpaka kwenye mawe, tena wakiimba. Doa la ndizi halina askari wala faini. Linamkatisha mtu tamaa, basi. Anafikicha hadi vidole vinachubuka, anaitazama pakiti, anaifunga. Sabuni iliyobaki ndani ya pakiti haijawahi kudhuru samaki.

Shati lenyewe nalo limeongezewa maisha. Haliibiwi kambani, shemeji haliazimi, na mtindo mpya ukija halina habari. Linakwenda shamba, linarudi jikoni, linastaafu likiwa dekio.

Maadui wake wa kweli ni mama ntilie. Kabla ya kumenya wanajipaka mafuta ya kula viganjani, wanamenyea ndani ya beseni la maji, na kiunoni wamejifunga kitenge cheusi kikuukuu. Wamelishinda bila tone la sabuni. Huo, kwa maoni yangu, ni usaliti. Ukiamua kuwafuata hao sitakununia. Ila siku ya kufua, ndugu yangu, chota maji upande nayo nyumbani, na povu limwage shimoni, mbali na ziwa.