Jinsi ya Kubadili Modi Bila Mbuzi Kujua

Kwanza tafuta gari. Land Cruiser waachie watu wa hifadhi na wa miraa. Wewe chukua Toyota Aqua ya haibridi iliyochakaa kidogo Japani, ifike Mombasa kabla ya kupitisha miaka 8 inayoruhusiwa na sheria ya Kenya. Ukifika Isiolo, iache lami ya Moyale, ushike njia ya vumbi ya Leparua.

Kipimo ni mbuzi. Mlaze kwenye kiti cha nyuma, miguu imefungwa. Gari likienda kwa umeme, anasinzia. Injini ikishika, mtazame sikio: likisimama tu, umefeli.

Sasa bonyeza kitufe cha EV. Gari litakataa: chaji haitoshi, au umekanyaga mafuta mno. Usibishane nalo. Ndani ya Aqua, injini na mota mbili zimefungwa kwenye gia zinazozungukana kama jua na sayari. Klachi ya kushtua mtu hakuna. Kompyuta huamua nani avute, na mota moja ndiyo huamsha injini. (Honda Fit ya haibridi ya 2013 ilikuja na klachi mbili, ikarudishwa gereji na kampuni yenyewe mara kadhaa. Mbuzi wa huko hakulala.)

Kwa hiyo kazi yako ni mguu tu. Ukiteremka lagani, kwenye mkondo wa mto mkavu, uinue mapema. Magurudumu yatazungusha mota, betri ipate chaji ya bure. Kwenye mchanga kanyaga kama umekanyaga yai. Injini itanguruma tu, lakini utakuwa umejitahidi.

Ubavuni mwa kiti cha nyuma pana tundu linalovuta hewa ya kupoza betri kubwa. Ndilo hilo mbuzi ameliegemea. Msogeze, ufute vumbi na manyoya.

Ngamia wakikatiza njia, usizime gari ukaacha redio na taa. Umeshaacha? Basi betri ndogo ya volti 12 imekufa, na vijana wanakuja kusukuma. Haibridi haiwaki kwa kusukumwa, ila nani atawaambia? Ngoja Land Cruiser ya miraa ipite, uombe waya wa kujampu. Taa ya READY itawaka, kimya kabisa.

“Bado haijawaka!” vijana watasema, na kuinama tena kusukuma. Weka N, ushukuru. Mtavuka laga nzima bila tone la petroli, na sikio la mbuzi limelala.