Jinsi ya Kuzamia Ulaya kwa Vyeti

Kiswahili kiliona mbali. Shahada ya juu kuliko zote kiliiita uzamivu, na kijana anayejificha kwenye shehena ya meli bandarini kikamwita mzamiaji. Tofauti ni ndogo: mzamiaji wa meli hadaiwi barua za wadhamini.

Anza na profesa. Alichoandika usikisome, utachelewa. Tunga barua moja, subiri bando la usiku, itume kwa maprofesa themanini. Hakikisha yule wa Delft anasifiwa kwa umaarufu wa chuo chake cha Munich. Ungama kwamba tangu utotoni umependa polima, ingawa utotoni ulipenda ubuyu. Asipojibu, sema wazungu wabaguzi. Jirani yangu mmoja alikwenda kinyume: alisoma makala moja tu, akauliza swali moja kuhusu chujio la kuondoa floridi, kwa kuwa kwao Arumeru maji ya kisima yamewapaka watu meno rangi ya chai. Alijibiwa kesho yake. Watu wa aina hii wanatuharibia soko.

Tangazo nalo usilisome hadi mwisho. Nafasi za uzamivu za Umoja wa Ulaya zenye jina la Marie Skłodowska-Curie zinataka mwombaji asiwe ameishi katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Maana yake dada yako anayemalizia uzamili Ujerumani mwaka wa pili sasa hana chake huko huko Ujerumani, ila wewe wa Tandika, ambaye hujavuka Chalinze, kwa hilo uko safi. Mama Curie mwenyewe alihama Warsaw kwenda Paris mwaka 1891, sasa kila mtu ahame. Ukiyajua haya utakosa kisingizio.

Kisha nenda chuoni kwako ukachukue transkripti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mhuri upo, mwenye mhuri hayupo. Njoo Jumatatu."

Jumatatu ipi, hukuambiwa. Tangazo linafungwa Ijumaa.

Ukipata Ujerumani, utaajiriwa. Ngazi ya mshahara inaitwa E13; wahandisi mara nyingi hulipwa yote, wenzangu wa baiolojia nusu au theluthi mbili, na maabarani hukaa hadi usiku kama aliyelipwa yote. Nyumbani usitamke neno mshahara. Sema posho. Shangazi ana paa linasubiri mabati.

Ukimaliza hutaibuka, utaitwa posdoki, mtafiti wa baada ya uzamivu. Sheria ya huko inaruhusu vyuo kukupa mikataba ya muda hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake. Una mvi, una udaktari, na shangazi kwenye simu anauliza, "Mwanangu, bado unasoma tu?"

Zipo nafasi za karibu pia, lakini hizo hazina hadhi. Kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Kuna icipe ya Nairobi, inayolea watafiti wa uzamivu katika elimu ya wadudu tangu 1983. Tatizo ni picha ya kuagwa: nani atakuja na mashada stendi ya Magufuli?

Kama picha si shida kwako, mabasi ya Arusha huondoka alfajiri. Beba transkripti, na ile makala ya profesa uisome njiani.