Injini Isiyowaka Haikosi Mafundi

Ukitaka kuwajua majirani zako, usiwapikie pilau. Leta nyumbani injini inayogoma kuwaka. Pilau itakuletea uliowaalika na wachache wenye pua kali, lakini injini inayogoma itakuletea mtaa mzima, na kila mmoja atafika akiwa tayari anajua tatizo kabla hajaiona.

Yangu inaingia kwenye mfuko wa koti. Ni injini ya ndege ya mfano, zile ndege ndogo ambazo watu wazima wa Ulaya na Marekani huzirusha mwisho wa wiki bila kuona haya. Ina ujazo wa sisi (cc) sita na nusu. Bodaboda ya kawaida ina 125 au 150, kwa hiyo pima mwenyewe. Shemeji yangu wa Iringa aliachiwa injini hii na mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, naye kwa miaka mingi aliitumia kukandamiza karatasi mezani zisipeperuke. Nilipomtembelea kwake Kihesa alinitolea boksi, akasema, "Shemeji, wewe una mikono mizuri. Hebu tuisikie kama inaongea."

Boksi lilikuwa halijafunguka vizuri, kibaraza kikajaa. Aliyepewa kiti cha mbele alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mwenye shughuli zake Mashine Tatu. Iringa kuna mtaa unaoitwa hivyo, na fundi wa mashine anayetokea mtaa wenye jina kama hilo haulizwi cheti. Alitusalimu, "Kamwene," akaichukua injini, akaigeuzageuza, akainusa, kisha akauliza, "Hendeli iko wapi?"

Nikamwambia haina. Inawashwa kwa kuzungusha pangaboi kwa kidole. Alinitazama kwa huruma. Injini isiyo na hendeli, alisema, ni injini iliyoibiwa kitu. Akalikung'uta boksi, hendeli isije ikawa imejificha chini ya makaratasi.

Ilibidi nieleze. Injini hii haina koili wala haipigi cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wa platinamu uliojikunja ndani. Unaupa umeme wa volti moja na nusu, yaani betri moja kubwa ya redio, waya unakuwa mwekundu, na injini ikishashika unaondoa betri. Kuanzia hapo mvuke wa methanoli ukigusana na platinamu, joto linaendelea lenyewe, mzunguko kwa mzunguko. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyezileta plagi hizi sokoni mwaka 1947, na tangu hapo ndege nyingi za mfano zikaacha kubeba mzigo wa betri na koili angani.

Shemeji alisikiliza kwa makini sana, kisha akaenda ndani akaleta betri ya pili. "Moja haitoshi, shemeji. Hata tochi haiwaki kwa moja." Kabla sijainua mkono, volti tatu zilikuwa zimeshapita. Waya uling'aa mweupe, ukapendeza, ukakatika. Fundi wa Mashine Tatu akatikisa kichwa na kusema kwamba ndiyo maana yeye anapenda dizeli.

Ndani ya boksi mlikuwa na plagi za akiba. Nilizificha shemeji asizione, nikapanda basi la kurudi kwangu Mbeya. Jirani yangu kitini aliuliza ninachokipakata ni nini. "Injini ya ndege," nikamjibu. Alinyamaza tangu Mafinga mpaka Makambako, kisha akauliza taratibu, "Na ndege yenyewe imebaki wapi?"

Mafuta ya injini hii hayauzwi sheli. Ni mchanganyiko wa methanoli sehemu nne na mafuta ya nyonyo sehemu moja. Methanoli si ya mchezo. Ni sumu inayopofusha na kuua, na juani moto wake karibu hauonekani, kwa hiyo inafungiwa mbali na watoto na mbali na mjomba yeyote anayeamini kwamba kila kinachonuka spiriti kinanyweka. Muuza kemikali alinipa daftari niandike matumizi. Niliandika: injini ya ndege. Akasoma, akanitazama mpaka miguuni, ambako palikuwa na kandambili. "Kampuni gani?" akauliza.

Nyonyo nayo ina historia yake angani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege nyingi zilitumia injini ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na pangaboi, na zililainishwa kwa mafuta haya haya, kwa sababu yanavumilia joto na hayachanganyiki kirahisi na petroli. Lakini siku hizi, kwetu, nyonyo ni habari ya nywele. Ikabidi niende duka la vipodozi, Mwanjelwa. Dada muuzaji alikitazama kipara changu kwa muda, akapunguza sauti.

"Kaka, yanasaidia. Ila lazima mizizi iwe bado ipo."

Nikamwambia ni ya injini. Akafunga chupa kwenye mfuko mweusi na kusema nisiwe na wasiwasi, wateja wengi wa kiume husema yanakwenda kwa mtu mwingine.

Nilifunga injini kwa skrubu kwenye kipande cha mbao ya msonobari, msonobari wa Sao Hill kabisa, na mbao nikaipigilia juu ya stuli. Tenki dogo nikaliweka nyuma yake, usawa wa kabureta. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi ya Mbeya, ile ambayo mtu anaongea na mvuke unamtoka. Nilitaka kuanza mapema, kabla watu hawajaamka. Nilizungusha pangaboi mara chache tu, mlango wa uani ukafunguka.

Bodaboda wa mtaani ndiye aliyetangulia. "Bosi, hiyo inataka choki." Akaziba mdomo wa kabureta kwa dole gumba na kuzungusha, na kuzungusha, mpaka pangaboi likagoma kabisa. Silinda ikijaa mafuta pistoni haina pa kwenda, maana mafuta hayabanwi kama hewa. Tukaigeuza stuli miguu juu ili imwage. Bodaboda akasema hata pikipiki yake ikimezeshwa hufanyiwa vivyo hivyo, unailaza kidogo inatubu.

Akaja dereva wa malori, mtu wa njia ya Tunduma, aliyekuwa mapumzikoni na soda mkononi. Aliitazama injini kwa mbali akatoa hukumu: "Imeingiza hewa. Itoeni hewa." Nikamwambia hiyo ni dawa ya dizeli. "Basi isukumeni." Nikamuuliza tusukume nini. Hakujibu, ila alitukumbusha kwamba Tunduma fundi mmoja aliwahi kujitengenezea helikopta nyumbani, gazetini akatoka, sasa sisi tunashindwa na kitu cha kwenye soksi?

Wakati huo kidole changu kilikuwa kimeanza kuvimba. Injini hizi zikishika vibaya hurudisha pangaboi nyuma kwa nguvu, na ndiyo maana wenye mchezo wao huwa na kijiti maalumu cha kuzungushia. Bodaboda aliingia jikoni kwangu akatoka na mwiko. Kwa mwiko ule injini ilishika. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikanguruma kizito kwa kukatakata, na nilipoondoa betri ikazima. Tukarudia, ikawa hivyo hivyo. Mke wangu alipotoka kuutafuta mwiko wake, ulikuwa umepungua urefu. Aliupima kwa macho, akautazama mkono wangu uliovimba, akarudi ndani bila neno.

Jibu lilikuwa linaimbwa uani kila siku, sema tulikuwa tumelizoea. Mama wa chumba cha mwisho, mzaliwa wa Kyela, alikuwa amebandika maharage na kuendelea na lawama zake: "Mji huu unakula mkaa! Kwetu maharage haya yangekuwa yameshaliwa na vyombo vimeshaoshwa."

Ni kweli tupu. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mbeya ni 1,700. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani, na maharage yanajikokota. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayovutwa na injini. Kila pumzi ina upungufu wa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho. Karatasi iliyokuwemo kwenye boksi ilipanga sindano ya mafuta kwa mtu anayeishi ufukweni. Kwa hiyo injini yetu ilikuwa inapewa mafuta ya Bagamoyo na hewa ya Mbeya.

Nilipoyasema hayo kwa sauti, mama wa Kyela alijibu kwamba yeye hakumwita mtu, na mkaa ataendelea kununua mwenyewe.

Hapo ndipo aliponyanyuka kijana mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akitafuna muhindi wa kuchoma. Alikuwa mgeni, amekuja kumsalimia dada yake. Kazi yake ni kuangusha miti Mafinga kwa msumeno wa mnyororo. Muda wote hakuwa amesema lolote, jambo ambalo katika uwanja ule lilitosha kutia shaka. "Hii si tustroki tu, kama msumeno wangu?" akauliza. Akafuta mikono kwenye suruali, akaishika sindano.

Alifanya kazi kwa sikio. Injini ikiwa na mafuta mengi kupita kiasi hupiga mzunguko mmoja na kuruka mmoja, ndiyo maana mlio unakuwa mzito na wa kukatika. Alifunga sindano kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha, mpaka mlio ukaanza kusafika. Akaubana mpira wa mafuta kwa vidole kwa nukta moja, mlio ukapanda, akaridhika kwamba bado ina akiba ya mafuta. Sindano ilipokaribia kilele alirudi nyuma robo. "Usiibane," akaniambia. "Ikiwa mpya inatakiwa ishibe kwanza. Ukiilaza njaa leo, kesho pistoni imekwama." Nikaondoa betri. Haikuzima.

Ilipiga yowe. Injini kama hii huvuka mizunguko 10,000 kwa dakika bila kujitutumua. Moshi wa nyonyo ulijaa uani na mama wa Kyela akalalia kifuniko cha sufuria. Mbwa wa mtaa wa pili wakaanza kujibu. Kila mtu alikuwa anacheka, na kila mtu alikuwa anamweleza mwenzake, kwa kupaza sauti, kwamba alisema tangu mwanzo.

Sasa, pangaboi la inchi kumi kwenye injini ya ukubwa huo laweza kuvuta kilo mbili hivi. Stuli ya msonobari ni nyepesi, na sakafu ya saruji ilikuwa imedondokewa na nyonyo asubuhi nzima. Stuli ikatikisika. Ikasogea. Kisha ikaondoka.

Ilipita katikati ya kuku. Ikapanda jamvi la mahindi yaliyoanikwa na kuyarusha ukutani. Bodaboda alipiga kelele, "Breki! Breki!" Dereva, ambaye damu yake yote imezoea mteremko wa Mlima Nyoka, alikuwa anazunguka uwanja mzima akiita, "Jiwe! Wekeni jiwe!" Injini ya ndege ilikuwa inasafiri peke yake, bila ndege, na bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambacho hutakiwa hata kwa chombo kisicho na rubani. Iliifuata ndoo ya mwenye nyumba, ikaikata ubavuni, pangaboi likavunjika, kukawa kimya isipokuwa maji.

Mwenye nyumba alitokea akiwa na mkataba mkononi. Mzee huyu mkataba hukaa nao karibu kuliko miwani.

"Humu imeandikwa mpangaji asiweke mashine ya aina yoyote. Hii ni nini?"

Watu ambao tangu alfajiri walikuwa wameifanya lori na pikipiki walitazamana. "Mdoli tu huo, mzee," akasema dereva. "Hata sisi saba hazifiki," akaongeza bodaboda. Mama wa Kyela, kwa wema ambao sikuutarajia, akasema ni kitu cha watoto.

Mzee alitafuta watoto kwa macho. Wote walikuwa shuleni. Akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kuanzia dereva mpaka mimi na mkono wangu uliovimba.

"Basi watoto wachange ndoo," akasema.

Tukachanga. Dereva alitoa elfu mbili, bodaboda elfu moja na ahadi. Mimi nikajaza iliyobaki, na ya mahindi juu yake. Fundi pekee aliyekuwa anajua alichokuwa anafanya tulipomtafuta alikuwa ameshapanda basi la Mafinga.