Bomba la Kupandia Chiwata

Kabla hujampa mtu shilingi yako kwa ajili ya bomba jipya la moshi, fanya hivi: funga gunia la korosho la kilo 80 nyuma ya pikipiki, toka Masasi mjini, panda mlima wa Chiwata. Usiende siku ya jua kali. Subiri mvua ya Januari iloweshe njia, halafu nenda. Pale kwenye utelezi, mlima unapoanza kukudai gia ya kwanza, tega sikio usikie injini inasema nini. Bomba huchaguliwa hapo. Dukani unachagua rangi tu.

Nasema na wenye tustroki, zile pikipiki za mipigo miwili: Yamaha DT, AG100, Suzuki TF. Ziliingia vijijini na mabwana shamba, mapadri na watu wa miradi, na mpaka leo zipo zinazounguruma huku juu, ingawa njia zimejaa Boxer na TVS. Nazipenda mno. Ni nyepesi, hazina vali za kichwani, na fundi anaweza kuifungua injini chini ya mkorosho asubuhi na kuirudisha kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana inaniuma kumwona kijana amepokea fedha za mnada wa korosho, jasho la mwaka mzima, akaenda moja kwa moja gereji na ombi moja:

"Fundi, nataka mlio."

Ukiomba mlio utapewa mlio. Fundi atalikata bomba la moshi, atatoa matumbo yake, atachomelea kipande cha bomba la maji, na kuku wa mtaa mzima watapanda juu ya miti. Kisha utafika mlimani. Mzee uliyempita tambarare akisukuma baiskeli atakukuta umesimama, atakupita, nawe itabidi umpe shikamoo ya pili.

Sababu yake kila mkulima wa korosho anaweza kuielewa, hata kama hajawahi kushika usukani wa pikipiki, kwa kuwa injini ya namna hii anaibeba mgongoni kila msimu. Ile mashine ya kupulizia salfa kwenye ubwiri unga ni ya mipigo miwili pia, na ndiyo maana tunaichanganyia petroli na oili. Nayo tunaiita bomba, basi tusichanganyane: hapa nasema bomba la moshi.

Injini hii haina vali ya kufunga njia ya moshi. Pistoni ikishuka inafungua tundu la moshi, na punde si punde inafungua matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya. Kwa kitambo kidogo pande zote ziko wazi. Moshi unatoka, petroli mbichi inaingia, na sehemu ya petroli hiyo inaufuata moshi nje bila kuungua. Wa kuizuia ni bomba, na tumbo lake nene ndilo linalofanya kazi hiyo. Wimbi la mshindo hukimbia ndani yake kwa kasi ya kama mita 500 kwa sekunde. Likifika pale bomba linapopanuka, linanyonya moshi utoke upesi. Likigonga pale bomba linapobana tena, linarudi nyuma na kuisukuma petroli iliyotoroka irudi kwenye silinda kabla pistoni haijaziba tundu. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hufanya shughuli hiyo mara 100 kila sekunde.

Sasa wewe umelikata tumbo hilo. Petroli uliyoinunua kwa bei ya Masasi inatoka nyuma kama ilivyoingia, nguvu imepungua, na kabureta iliyopangiwa bomba la zamani haielewani tena na injini. Ikipata petroli kidogo kuliko inavyohitaji, pistoni inapata joto na kukwama ndani ya silinda, mara nyingi mahali pasipo na mtu. Mwenye Boxer, ya mipigo minne, anapotoboa ekzosi yake anaudhi watu, lakini vali zake bado zinafunga. Ukimwiga wewe wa tustroki, unaudhi watu na unaua mashine.

Mtu aliyeifikisha mbali elimu hii ya mawimbi aliitwa Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Hakuwa na fedha wala vifaa vya kujivunia. Kwa kuhangaika sana na umbo la bomba, pikipiki yake ya cc 125 ilifikia nguvu farasi 25 mwaka 1961. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda kufanya kazi na Suzuki, na mwaka 1962 akailetea Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50. Siri iliyohama naye ilikuwa, kwa sehemu kubwa, bati lililokunjwa kwa vipimo sahihi. Kumbuka hilo fundi anaposhika msumeno.

Kwa hiyo ukifika dukani, uliza urefu na umbo. Bomba refu, lenye tumbo linalopanuka taratibu, linatoa nguvu injini ikiwa bado inazunguka polepole. Bomba fupi lenye tumbo la ghafla linangoja mpaka injini ilie sana, ndipo lirushe pikipiki mbele. Hilo la pili ni la uwanja wa mashindano. Mlima wa Chiwata unataka la kwanza, na ukishafika juu ukashika njia za kuelekea Newala, mchanga wa uwanda wa Makonde unalitaka vilevile, maana nguvu ikija kwa kishindo gurudumu la nyuma linachimba kaburi lake. Hata wanaouza mabomba ya mashindano wanaijua tofauti hii. FMF ya California ina bomba liitwalo Gnarly, la bati nene, lililokusudiwa nguvu za chini, milima na mawe. Lakini usiagize kwa jina. Bomba la pikipiki nyingine, hata likiwa zuri namna gani, linarudisha wimbi kwa saa ya injini nyingine.

Usiguse mkia mwembamba ulio baada ya tumbo. Ukiupanua nguvu inapotea, ukiubana injini inachemka. Sailensa ya mwisho iache mahali pake. Nguvu imo tumboni, kwa hiyo sailensa nzuri hailiibii bomba zuri kiasi cha kukufanya uamshe wagonjwa wa hospitali ya Ndanda au upite kwenye msiba watu wakishindwa kusikia dua.

Lakini huenda huhitaji bomba kabisa. Tustroki nyingi zinazodaiwa kuchoka zimezibwa na masizi tu. Oili isiyo yake, au iliyozidi kipimo, huganda ndani ya bomba kama ukoko wa sufuria. Nyuma ya sailensa ya pikipiki nyingi za namna hii kuna skrubu inayoshika kibomba cha ndani chenye matundu. Kifungue, kichome kwenye moto wa mkaa, kikwangue, kirudishe. Kazi ya saa moja. Nimeona pikipiki iliyokuwa ikisukumwa ikipanda mlima kwa gia ya pili baada ya hapo, na mwenyewe akinyamaza kwa haya, kwa kuwa alikuwa ameshalipa nusu ya bei ya bomba jipya.

Ukishathibitisha kwamba la zamani limetoboka au limepondeka vibaya karibu na silinda, nunua. Likae juu, lisigonge visiki. Liwe na ngao ya joto upande wa abiria, na hapa sina mzaha, kwa sababu mashavu ya miguu ya mama zetu na wadogo zetu yana makovu ya kutosha. Kuanzia Agosti, majani yakikauka chini ya mikorosho, usiegeshe bomba la moto kwenye nyasi, na usitembee na sailensa iliyotobolewa inayotema cheche. Shamba la miaka 20 linaungua kwa mchana mmoja.

Likishafungwa, rudi mlimani na gunia lako. Fika juu, zima injini bila kuiacha ilie bure, fungua plagi uitazame. Nyeupe: petroli ni kidogo, weka jeti kubwa zaidi kwenye kabureta kabla hujaondoka hapo. Nyeusi na mbichi: petroli au oili imezidi. Ikiwa na rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, irudishe, teremka polepole, na mzee wa baiskeli ukimkuta njiani mpe shikamoo moja tu.