Tembo Asiyejipaka Vumbi

Paukwa! Pakawa.

Paliondokea kundi la tembo mashariki ya Voi, pale Mto Voi unapoingia ndani ya Hifadhi ya Tsavo, na tembo hao walikuwa wekundu. Abiria wa treni ya Mombasa huwaona hivyo hadi leo. Hawazaliwi wekundu. Huzaliwa kijivu, wakajimwagia udongo wa nchi ile siku nenda siku rudi hadi ukawashika mwilini. Lakini kundi hilo lilikuwa limekaa na vumbi muda mrefu, likaamini kwamba wekundu umo damuni, na kwamba asiye mwekundu si tembo kamili.

Katika kundi hilo Mama Mwakio alijifungua dume, Mwakio, baada ya mimba ya miezi 22. Mtoto alinyonya, akanenepa. Siku walipompeleka vumbini alipiga mayowe kama aliyemwagiwa makaa. Wakammwagia tena ili azoee, naye akajigonga kichwa kwenye shina la mgunga hadi mama yake akamfunika kwa mwili wake. Vumbi lililokuwa raha kwa wenzake lilimchoma yeye. Akabaki kijivu katikati ya wekundu.

Tembo wanapokutana huinua mikonga na kuitana. Mwakio hakuinua mkonga, wala hakumtazama mwenzake usoni. Alishinda kando ya mto akipanga kokoto, nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi, na mtu akiondoa moja alilia hadi jua kutua. Treni ikipita juu ya tuta alijificha chini ya tumbo la mama. Jioni, malori yalipopita kwenye barabara kuu, alinguruma kama lori.

Msomaji asidhani hapa natia chumvi. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha habari za Mlaika, tembo jike yatima wa miaka 10 aliyekuwa akiishi Tsavo, kilomita 3 hivi kutoka barabara hiyohiyo ya Nairobi na Mombasa. Jua likishazama, Mlaika alitoa sauti ya lori, sawa na alizozisikia usiku.

Kundi lilisikia kelele tu. Mama Mwakio alisikiliza miezi na miezi, akagundua kwamba mngurumo mrefu ni kiu, kwa kuwa malori huzidi saa ambayo tembo huteremka mtoni. Mlio wa breki ni hofu. Wazazi wa watoto wenye usonji, yaani autism, wananielewa. Mtoto anayerudia tangazo la redio neno kwa neno, huenda anaomba uji, kwa sababu tangazo hilo lilikuwa likisikika jikoni siku alipopewa uji akashiba. Kuijua lugha hiyo ni kazi ya miaka, na anayeifanya kwa kawaida ni mama, bila mshahara na bila kushukuriwa.

Wa kwanza kusema walikuwa mashangazi. Mmoja alisema Mama Mwakio aliruka reli akiwa na mimba. Mwingine akasema alikula mahindi ya shamba la watu wa Sagalla na mwenye shamba akamlaani. Baba wa mtoto hakuulizwa lolote, alikuwa ameshaondoka. Dume la tembo huacha kundi la majike, ndivyo lilivyoumbwa. Mwanamume wa Voi au Mwatate anayemwacha mke na mtoto siku anaposikia neno usonji hana udhuru huo.

Kisha akaja Fisi, usiku. Alimzunguka mtoto mara tatu, akanusa, akasema pepo wa mto amekaa kichwani na pepo huyo hatoki bure. Mama Mwakio hakuwa na mali ila haki yake ya kulamba chumvi pale walipolamba bibi zake. Akaitoa. Fisi akamfukiza mtoto moshi hadi macho yakavimba, halafu akawauzia wengine ile chumvi msimu mzima. Mtoto hakubadilika. Fisi akasema imani ya mama ilikuwa haba.

Mafisi wa namna hiyo wanaishi kwa hofu iliyopo kweli. Joseph Gona na watafiti wenzake waliwahoji watu 103 katika pwani ya Kenya, wazazi, walimu, matabibu na maofisa wa ustawi wa jamii, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Walipouliza chanzo cha usonji waliambiwa pepo, uchawi na laana, pamoja na maambukizi, matatizo ya uzazi, utapiamlo na kurithi. Mzazi mmoja huweza kuamini yote hayo kwa wakati mmoja, asubuhi akaenda hospitali na usiku kwa mganga. Simlaumu. Anatafuta mlango popote panapoonekana ufa.

Aliyemuumiza Mama Mwakio kuliko Fisi ni Korongo, ndege mweupe anayekimbia baridi ya Ulaya kila mwaka na kuja kwetu. Korongo alikuwa msomi. Alimtazama mama kutoka juu ya mti, akatamka: "Mama huyu ni baridi. Hakumkumbatia mwanawe." Akaruka zake. Mama ambaye hakuwa amelala usiku mzima tangu mtoto azaliwe akabaki akijiuliza ni usiku upi alipomnyima joto.

Maneno ya Korongo yaliwahi kuwa elimu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11, na ndipo usonji ukaanza kutambulika kama hali ya peke yake. Bruno Bettelheim akaja na kitabu mwaka 1967 kilichowatwika wazazi lawama, akina mama zaidi. Aliyekuwa ameshaandika kuipinga lawama hiyo, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji. Baba mmoja aliyekataa mkewe asingiziwe. Leo inajulikana kwamba usonji ni namna ubongo unavyokua tangu awali, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Malezi hayauleti.

Msimu uliofuata Korongo akarudi na neno jipya: ni chanjo. Makala ya jarida la Lancet ya mwaka 1998 iliyoanzisha uvumi huo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, lakini kufikia hapo watoto wengi Uingereza walikuwa wamekosa chanjo ya surua. Korongo hakurudi kusema alikosea.

Mama Mwakio akampeleka mtoto shuleni kwa Mwalimu Nyani. Langoni palikuwa na kibao: KARIBUNI WOTE. Kengele ilipogongwa Mwakio alivunja ua akitafuta pa kutokea.

"Mrudishe nyumbani, Mama Mwakio," alisema Mwalimu Nyani. "Mlete akishazoea."

"Atazoea shule akiwa wapi, Mwalimu?"

"Hukohuko nyumbani."

Akaenda ofisini kwa Mzee Kobe kutafuta kadi ya walemavu. Kobe alihesabu miguu ya mtoto: minne. Macho: mawili. Akasema kadi ni ya aliyevunjika, na huyu ni mzima. Akamtuma mlimani kwa wanaopima. Mlimani wakamwambia mpimaji yuko bondeni. Bondeni wakamwambia arudi kwa Kobe na barua. Usonji hauonekani kwa picha wala kwa damu. Hutambuliwa na mtaalamu anayekaa chini, akamtazama mtoto anavyocheza na kumsikiliza mama kwa makini. Hakuna aliyekaa chini.

Halafu mvua zikakosa, za vuli na za masika. Wakenya tunaujua ukame wa namna hiyo: kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu tembo 205 waliokufa nchini. Mto Voi ukawa mchanga mtupu. Maji ya chemchemi za Mzima yalikuwa yakienda Mombasa ndani ya bomba, wanyama wakiyasikia chini ya nyayo na wasiweze kuyafikia. Nyanya, tembo mkongwe aliyeongoza kundi, alikumbuka mahali alipoonyeshwa na mama yake, akachimba mchangani hadi maji yakatoka, machache. Wanyama wote wakapanga foleni kwenye kisima hicho, kwa kusukumana na kelele, wakati wa jua kali.

Mwakio hakuweza kuingia foleni. Alisimama mbali akinguruma mngurumo mrefu. Mama aliomba anyweshwe alfajiri, kabla ya umati. Mzee Kobe akasema daftari halina alfajiri. Simba, mwenyekiti wa baraza, akasema: "Tukimpendelea mmoja, kesho kila mtu atakuja na mtoto wake." Siku mbili mtoto hakunywa.

Kisima kilipoanza kupungua, Kanga akaleta habari. "Nimesikia watoto wa aina hii wana kipaji kilichofichwa," alisema. "Huenda anajua maji yalipo." Habari ikaenea. Waliomwita laana wakaanza kumwita nabii. Shangazi aliyesema habari za reli alimletea matunda ya mkwaju. Fisi akatangaza kwamba yeye aliliona hilo zamani. Wote wakakaa kumtazama Mwakio akipanga kokoto, na mstari wa kokoto ukaelekea kilima cha Sagalla.

"Ndiko huko!" Wakachimba usiku kucha, nyati, pundamilia, ngiri, hata Simba akakwaruza kidogo. Wakakuta mchanga mkavu. Asubuhi Mwakio akapanga mstari mwingine, ukaelekea Kasigau. Hapo wakakasirika. Wakasema mtoto amewadanganya, mama amewatapeli, na wote wawili waondolewe kisimani.

Mama Mwakio alikuwa mpole miaka yote. Siku hiyo alisimama mbele ya baraza, masikio yamefunguka.

"Juzi mlimwita laana, jana nabii, leo tapeli. Katika siku zote tatu, nani alimuuliza kama ana kiu? Hajawahi kuwaahidi maji. Alikuwa akipanga kokoto zake kwa rangi, kama anavyozipanga tangu azaliwe. Ninyi mliokunywa jana, mmoja mmoja, mlionyesha kipaji gani kabla ya kuinamisha mdomo? Wewe Kanga uliulizwa? Mzee Simba, nakuheshimu. Simba wa kwingine wana manyoya shingoni, ninyi madume wa Tsavo wengi wenu hamna. Nani aliwahi kukwambia ulete muujiza kwanza ndipo tukuite simba? Na ninyi dada zangu wekundu, mvua kubwa ikinyesha mtakuwa rangi gani? Mwanangu si balaa wala si muujiza. Ni mtoto ana kiu, na kisima hiki kimechimbwa na nyanya yake. Nataka alfajiri. Hiyo alfajiri haiwagharimu hata tone."

Baraza likanyamaza. Aliyevunja kimya ni Mama Ngiri. Alirudi kwenye shimo lake, akatoka akisukuma mtoto ambaye hakuna jirani aliyewahi kumwona. Alikuwa amemficha humo tangu azaliwe. Mama Twiga akaenda nyuma ya kichaka akatoka na wake. Mama Nyati naye. Walikuwa majirani miaka yote, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, na wote walikuwa wametoa chumvi kwa Fisi yuleyule.

Mama mmoja Simba angemfukuza. Mbele ya akina mama wanne na watoto wao aliuliza daftari liko wapi. Kobe akaandika alfajiri. Mwalimu Nyani aliambiwa afungue darasa dogo kivulini mwa mbuyu, lisilo na kengele, na Mama Mwakio amfundishe mwalimu lugha ya malori kabla mwalimu hajamfundisha mtoto chochote. Shangazi hakuomba radhi. Fisi bado ana wateja. Mwakio hajajipaka vumbi, na hakuna anayemmwagia.

Yaliyotokea kwenye kisima hicho yametokea Kenya. Mwaka 2003 wazazi walijiunga wakaanzisha Chama cha Usonji cha Kenya, na mwaka huohuo kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika shule ya umma ya City Primary, Nairobi. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilikuwa vimeshaanza mwaka 1984. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu katika taasisi zilizo ndani ya jamii, kwa kadiri inavyomfaa. Ibara hiyo haikuweka sharti la kipaji.

Jirani, ukimwona mama kwenye matatu ya Mwatate na mtoto anayepiga kelele akijigonga, usimtajie mganga wala maombi. Mpishe kiti. Nawe mwalimu mkuu, kuanzia Voi hadi Taveta, muhula ukifunguliwa mama atabisha mlangoni kwako na mtoto aliyeziba masikio. Usimwambie amlete akishazoea. Mwandikishe siku hiyohiyo, kisha kaa chini umuulize mama yake mtoto huyu husema vipi akiwa na kiu.