Muulize Shangazi: Tairi Moja, Magoti Mawili

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, nauza mapazia Mtaa wa Kongo. Mwezi uliopita nilinunua baiskeli ya tairi moja iliyokuja na mzigo wa mtumba kutoka Japani. Kila nikiipanda inanitupa. Nifanyeje? — Mwenye Magoti, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Umefika penyewe. Kuanzia Gerezani mpaka Msimbazi hakuna anayejua habari za kutoanguka kunishinda mimi. Mwaka wa 40 huu natembeza maandazi, beseni kichwani, mvua inanyesha, kirikuu kinarudi nyuma bila kuangalia, na halijadondoka andazi hata moja. Lile la siku ya Idi nililirusha kwa hiari yangu, na aliyelipata anajua kwa nini.

Tuanze na historia, maana watu hudhani najua hamira tu. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yaani katika mtaa uliopewa jina na watu wa mizigo, wewe umenunua chombo kisichobeba hata kiroba cha sembe! Mtalaka wangu alikuwa na guta, matairi matatu, na bado alianguka. Kwa hiyo tatizo si idadi ya matairi. (Tatizo lilikuwa mama mmoja wa Buguruni, ila hilo tuliache.)

Nenda kaangalie jengo la soko letu, lililofunguliwa 1975. Msanifu Beda Amuli aliliezeka kwa miavuli ya zege, kila mwavuli juu ya nguzo yake moja. Umewahi kuona nguzo ikiinama kujitazama unyayo? Wewe unalitazama tairi, ndiyo maana linakuona mgeni. Tazama mbali. Chagua bango la mwisho wa mtaa, likodolee macho kama linalokudai.

Na uzito wako umeuweka kwenye pedeli. Hukuniandikia, lakini najua, ndiyo kazi yangu. Kalia siti. Ikalie kama mama mkwe aliyesema amekuja kwa wiki moja. Baiskeli hiyo haina cheni. Pedeli zimeshikana na tairi lenyewe, kwa hiyo mguu ukisita na tairi linasita, halafu wewe unaendelea na safari peke yako. Ukilalia mbele, kanyaga, tairi likuwahi hapo chini. Ukilalia nyuma, punguza.

Huko Japani watoto wa shule za msingi huziendesha wakati wa mapumziko. Sikwambii ili uone aibu. Nakwambia kwa sababu huenda umenunua ya mtoto wa darasa la tatu. Fundi akupandishie siti mpaka pedeli ikiwa chini kabisa, kisigino kiikanyage na mguu unyooke. Bomba la siti likiwa fupi, atafute refu. Siti ikiwa chini mapaja yatawaka moto, utadhani umerogwa, utapeleka kuku kwa mganga bure.

Sarakasi ziko damuni mwetu, usikate tamaa. Wale Ramadhani Brothers, mmoja amesimamia kichwa juu ya kichwa cha mwenzake, si ndio walioshinda *America's Got Talent: Fantasy League* kule Marekani mwaka 2024? Sisemi walijifunza kwangu. Nasema tu kwamba beseni langu lilikuwa mtaani kabla yao.

Sasa dawa. Toka alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, ushike ukuta. Usiombe mpita njia akushike, maana atakushika pamoja na simu yako. Vaa vikinga vya magoti na viganja. Ukianza kuanguka, achia baiskeli ijiangukie, wewe tua kwa miguu. Chuma hakina damu. Wengi huhitaji saa 10 mpaka 15 za mazoezi ndipo waende bila ukuta. Mimi ningetumia mbili, lakini mimi ni mimi.

Ukishaachana na ukuta, vaa jezi nyekundu ya Simba ukapite mbele ya klabu ya Yanga, kona ya Twiga na Jangwani. Mwendo utakuja wenyewe. Ila ujue tairi la inchi 20 hukusogeza kama mita moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Kilomita moja ni mizunguko zaidi ya 600. Kwa hiyo uanze kukanyaga kabla hawajakuona.

Mtauliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuipanda. Swali gani hilo? Kocha wa Taifa Stars mlimwona lini akifunga goli?

Fanya hivyo tu, utaweza. Barua ya pili, haraka, mafuta yanachemka.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu, muuza mapazia, mwezi huu anatoka alfajiri na kurudi kalowa jasho, jezi imechanika. Zamani hata jezi hakuwa nayo. Nahisi ana mtu. — Mwenye Wasiwasi, Ilala*

Marahaba, mwanangu. Hana mtu. Mwangalie magoti.